GIABOKSI IKIUNGUA, ALIPE NANI?



Kaunti za Migori na Homa Bay hazina reli. Njia ya reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka wa 1901, lakini upande huu wa kusini haukupata hata futi moja ya chuma. Zamani meli za Reli zilikuwa zikitia nanga Kendu Bay na Homa Bay kuchukua abiria na mizigo. Siku hizi mzigo wa huku karibu wote hupita barabarani, na ule usiotosha kujaza lori, wala usioenea katika pikapu, hufungwa nyuma ya pikapu kwa trela. Trela la mchanga, trela la saruji, trela la tangi la maji, trela la mashua kwenda Sori au Mbita, trela la jenereta na mahema na viti vya matanga. Haya twayaona kila siku, na anayeshika stelingi ni mfanya kazi kama wewe na mimi.

Malalamiko ya madereva wa pikapu za dizeli yanafanana kama shilingi kwa ya pili. Dereva amepewa trela, amepanda nalo mlima, giaboksi imepata moto, mafuta yake yameungua, gari limekataa kwenda. Tajiri anamwita fundi, fundi anataja bei, na jioni dereva anaambiwa: "Wewe ndiwe uliyeiua. Nitakata mshahara wako mpaka deni liishe." Mtu mwenye watoto anarudi nyumbani mwisho wa mwezi bila ya fedha ya unga. Mwingine anafukuzwa kabisa, na kazi yake anapewa kijana asiyejua yaliyompata mwenzake.

Sisi twasema wazi: moto wa giaboksi huletwa zaidi na uzito, na uzito huamuliwa na mwenye mzigo. Anayeamua uzito ndiye anayepaswa kulipa. Lakini ili tuweze kusema hivyo mbele ya tajiri na mbele ya ofisa wa kazi, sharti tujue moto huo watoka wapi, na sharti mikono yetu iwe safi.

MOTO WATOKA WAPI

Ziwa letu liko kiasi cha mita 1,134 juu ya bahari, na mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700. Basi dereva anayetoka Homa Bay kupitia Rongo mpaka Kisii ameinua pikapu, trela na mzigo wote zaidi ya mita 500 kwenda juu. Nguvu ya kuinua yatoka katika injini, lakini yote hupita katika giaboksi, na kila mahali nguvu inapopita, sehemu yake hugeuka kuwa joto.

Katika gari la otomatiki, yaani lisilo na klachi ya mguu, kati ya injini na gia mna chombo cha duara kilichojaa mafuta. Ndani yake mna pangaboi mbili zinazoelekeana. Moja huzungushwa na injini, nayo huyarusha mafuta yaizungushe ya pili, na hiyo ya pili ndiyo inayozipelekea gia nguvu. Gari likiwa jepesi na mwendo ukitulia, pangaboi hizi hufungwa pamoja na klachi ya ndani, zikazunguka kama kitu kimoja. Lakini gari likiwa zito na mwendo ukiwa mdogo mlimani, ya kwanza hukimbia na ya pili hujivuta. Ile tofauti ya mwendo haipotei bure, bali hugeuka kuwa joto ndani ya mafuta. Mafuta hayo hupelekwa kwa paipu kwenye rejeta yakapoe. Rejeta ikiwa imezibwa na matope na majani, yanarudi yakiwa bado na moto.

Mafundi wana kanuni yao ya kukadiria. Mafuta ya giaboksi ya otomatiki yakipita kiasi cha digrii 80, kila digrii 11 zinazozidi hupunguza maisha yake kwa nusu. Kwa hiyo mafuta yanayofanyishwa kazi katika digrii 113 yatadumu sehemu moja tu katika nane. Yakiungua huwa meusi na hunuka. Visahani vya klachi za ndani huanza kuteleza, na kuteleza huzaa moto zaidi.

Gari la klachi ya mguu nalo lina ugonjwa wake. Klachi huungua gari zito linapoondolewa mlimani kwa nusu klachi. Giaboksi yenyewe hupata moto mafuta yakiwa yamepungua kwa kuvuja, au yakiwa si ya aina iliyoandikwa kitabuni, au gia ya juu kabisa ikilazimishwa kuvuta mzigo mzito kwa mwendo mrefu.

Hapa, ndugu, pana neno la kushika sana. Mara nyingi giaboksi haifi kwa safari moja. Huungua kidogo leo, kidogo kesho, miezi na miezi, chini ya madereva watatu au wanne, kisha ikafia mikononi mwa aliye kwenye stelingi siku hiyo. Kumlipisha huyo wa mwisho peke yake ni kumfunga mtu kwa sababu ndiye aliyekutwa karibu na maiti.

KWENYE RELI MAMBO HUWAJE

Katika reli, gari-moshi haliondoki stesheni mpaka uzito wa mabehewa yake umejumlishwa na kuandikwa. Kila aina ya injini ina kipimo cha uzito kwa kila kipande cha njia, na kipande cha kupanda kutoka Kisumu kwenda Mau Summit hakipewi uzito sawa na njia ya tambarare. Uzito ukizidi, mabehewa hukatwa, ama injini ya pili huongezwa. Tena injini zetu za dizeli huzungusha magurudumu kwa mota za umeme, na mota hizo zina muda uliowekwa wa kuvuta kwa nguvu nyingi katika mwendo mdogo. Muda ukipita, zinaungua. Dereva wa reli ayajua hayo kwa sababu yameandikwa. Hakuna mkubwa anayemwambia, "Jaribu tu, Mungu atasaidia."

Dereva wa pikapu hana karatasi yo yote. Anakuta trela limekwisha jazwa, kamba zimekwisha fungwa, na tajiri anapiga simu kwamba wateja wanangoja. Wazee walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeketi dukani auona mchanga kuwa usufi. Anayeujua uzito wake ni yule anayesikia gari likilia mlimani.

UZITO WAHESABIKA

Kupata uzito hakuhitaji mizani. Mtu aliyesoma darasa la nne aweza kufanya hesabu hii:

Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000.
Mifuko 40 ya saruji ya kilo 50 ni kilo 2,000.
Magunia 20 ya mahindi ya kilo 90 ni kilo 1,800.
Mchanga mkavu wa mita moja kila upande ni kiasi cha kilo 1,600, na ukilowa huzidi.

Halafu ongeza uzito wa trela lenyewe, maana nalo ni chuma.

Sasa linganisha na kitabu cha gari. Pikapu nyingi kubwa za dizeli za siku hizi zimeandikwa na watengenezaji kwamba zaweza kuvuta kilo 3,500 ikiwa trela lina breki zake, lakini kilo 750 tu ikiwa trela halina breki. Pikapu ndogo au ya zamani yaweza kuwa na kipimo pungufu. Tazameni matrela yanayochomelewa kando ya barabara zetu. Ni mangapi yana breki? Tangi moja la lita 1,000 juu ya trela lisilo na breki limekwisha kupita kipimo hata kabla gari halijaondoka. Tena kuna kipimo cha jumla, yaani pikapu, trela, watu na mizigo yote pamoja. Ukijaza nyuma ya pikapu mpaka juu, huna ruhusa tena ya kuvuta trela zito vile vile.

WAJIBU WA DEREVA

Chama hakiwezi kumtetea mtu asiyefanya kazi yake. Kwa hiyo twawaomba madereva wote wayashike haya:

1. Kabla ya safari, tazama mafuta ya giaboksi kama kitabu kinavyoelekeza, tazama kama yanavuja, na usafishe uso wa rejeta.

2. Mlimani tumia gia ya chini mapema. Kama gari ni la otomatiki, izuie isipande gia ya juu kabisa. Giaboksi inayopanda na kushuka gia kila dakika inajipika yenyewe.

3. Usilishikilie gari mlimani kwa kukanyaga mafuta au kwa nusu klachi. Tumia breki ya mkono.

4. Ukisikia harufu ya kuungua, au injini ikipiga kelele na gari lisiende, au taa ya hatari ikiwaka, simama mahali pa salama. Tanboi aweke mawe nyuma ya magurudumu. Gari la otomatiki litie katika P uiache injini inguruma polepole, mafuta yazunguke yapoe. Usimwagie giaboksi maji.

5. Wakati wa kuteremka tumia gia ya chini, breki zisichoke. Trela lisilo na breki humsukuma aliye mbele.

6. Usipakie mizigo yako ya siri njiani kwa faida ya mfuko wako. Siku gari litakapokufa, magunia yale matatu yatakuwa ushahidi juu yako, na Chama hakitakuwa na la kusema.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata kiasi cha haki katika mshahara kwa ajili ya mali iliyoharibika, lakini ni pale tu uharibifu ulipotokana na kosa alilolifanya mfanya kazi kwa kusudi. Kupanda mlima na mzigo uliopewa na tajiri si kosa la kusudi. Tena kifungu hicho hicho kinasema kwamba makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Anayekuachia senti kumi za mkate amevunja sheria, hata kama ana sababu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, yamtaka mfanya kazi amwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa. Trela lililozidi uzito, lisilo na breki, katika barabara yenye watoto wa shule, ni hatari kubwa. Sema, na useme mapema, mbele ya shahidi.

Aliyefukuzwa bila ya haki aweza kupeleka mashtaka yake kwa ofisa wa kazi katika muda wa miezi mitatu tangu siku ya kufukuzwa. Usikae nyumbani kulia mpaka miezi imepita.

TUNATAKA NINI

Hatusemi kwamba matajiri wote ni wabaya. Pikapu nyingi za huku si za makampuni makubwa. Ni za mwalimu, au mwenye duka, au mama wa samaki aliyekopa benki, na giaboksi ikifa naye hulala njaa. Kwa huyo twasema hivi: karatasi ya mzigo itakulinda wewe kabla ya kumlinda dereva wako. Kupunguza mifuko kumi ya saruji, au kwenda safari mbili, ni gharama ya siku moja. Giaboksi mpya ni gharama ya miezi mingi.

Basi twataka mambo matatu. Kwanza, kila gari la kuvuta trela liwe na daftari: tarehe, mzigo, uzito, liendako, na sahihi ya aliyeamuru. Pili, kipimo cha gari kiandikwe kwa rangi mlangoni, kila mtu akisome, hata mwenye mzigo. Tatu, mafuta ya giaboksi yabadilishwe mapema kwa magari yanayovuta, na gari la otomatiki la kuvuta kila siku lifungwe rejeta ndogo ya kuyapoza mafuta.

Tajiri akikataa kununua daftari, dereva anunue mwenyewe. Aandike kila safari, na tanboi atie sahihi kama shahidi. Siku ya mashtaka, maneno ya mdomo hupotea kama vumbi la barabara ya Karungu, lakini maandishi husimama. Atakayeulizwa ni nani aliyeiunguza giaboksi ataufungua ukurasa na kuonyesha kilo, tarehe na jina.

Madereva wa Migori, Awendo, Rongo, Ndhiwa na Homa Bay, zungumzeni jambo hili katika vituo vyenu. Mmoja akikataa trela lililozidi, atafukuzwa. Wote wakikataa, trela litapunguzwa.

Umoja ni nguvu.