Mpeni jina la Hashima

Dada, usikatishwe tamaa na wanaosema jina la vitabuni halimfai mtoto wa kike. Huku Naliendele akina Fatuma na Zainabu ni wengi hadi wanaitwa kwa majina ya baba zao. Fatuma na Zainabu ni majina mazuri, lakini fasihi yetu ina mengine ambayo hayaguswi. Mimi napendekeza Hashima. Mwana Kupona binti Mshamu, wa Pate, alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Mtoto aliachiwa utendi mzima na mama yake! Urithi gani unaupita huo?

Rosa nalo linavutia, ila someni kwanza riwaya ya Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), hadi ukurasa wa mwisho. Msichana yule anateseka mno, na mwanao atakuja kuulizwa habari zake.

Bibi upande wa baba ashirikishwe. Jina lake ndilo mtoto atakaloitwa nyumbani. Na tafadhali, kubalianeni tahajia kabla ya kufuata cheti cha kuzaliwa, maana kurekebisha hata herufi moja baadaye ni usumbufu mkubwa.