Paka Safarini: Gunia Si Chombo cha Kuchukulia Kiumbe

Mtumishi apatapo barua ya uhamisho huanza kufunga vyombo, vitanda na vitabu. Paka hukumbukwa siku ya mwisho, gari likiwa limekwisha kuwashwa moto. Hapo hutokea moja kati ya mambo mawili: ama paka huachwa katika nyumba tupu kwa hoja kwamba "paka ni wa nyumba, si wa mtu", ama hukamatwa kwa nguvu, akatiwa guniani, mdomo wa gunia ukafungwa kwa kamba, akasukumwa chini ya mizigo. Maoni yangu ni kwamba njia zote mbili hazifai, na kwamba elimu ya sayansi inatuonyesha njia ya tatu, iliyo rahisi na isiyohitaji gharama kubwa.

Kwanza tuichunguze ile kauli ya kwamba paka ni wa nyumba. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, ila hutumiwa vibaya. Paka wa kufugwa ametokana na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Karibu, mnyama awindaye peke yake na mwenye eneo lake maalumu. Eneo hilo hulitambua sana kwa harufu. Tumwonapo akisugua shavu kwenye mguu wa kiti au pembe ya mlango, huwa anapaka harufu itokayo katika tezi za uso wake, na mahali penye harufu hiyo kwake ni mahali pa amani. Basi paka aondolewaye nyumbani ghafla hupoteza alama zake zote kwa mara moja. Kupiga kelele na kuparura kwake si ukaidi, bali ni hofu. Na dawa ya hofu hiyo si kumwacha nyuma, bali ni kumwezesha kusafiri na sehemu ya makao yake.

Hapa ndipo tenga lenye mfuniko linapolishinda gunia. Tenga lililosukwa kwa fito, au kizimba cha plastiki kwa mwenye uwezo, liwekwe sebuleni wiki moja au mbili kabla ya safari, likiwa wazi, na ndani yake itandikwe nguo kuukuu ambayo paka amezoea kuilalia. Alishwe humo humo. Siku ya safari itakapofika, ataingia mahali anapopajua. Tenga liwe na nafasi ya kutosha kusimama, kujigeuza na kulala. Liwe imara mbele ya meno na kucha. Na lipitishe hewa pande zote.

Sababu kubwa zaidi ya kulikataa gunia ni joto. Joto la kawaida la mwili wa paka ni kati ya nyuzi 38 na 39 za Selsiasi. Binadamu hujipoza kwa jasho la mwili mzima; paka hutoka jasho nyayoni tu, na hujisaidia kwa kulamba manyoya ili mate yakikauka yaondoe joto. Ndani ya gunia hawezi kujilamba ipasavyo, wala upepo haumfikii. Paka anayehema mdomo wazi kama mbwa safarini yumo hatarini, na yafaa apelekwe penye kivuli na hewa mara moja.

Buti ya basi na gari lililofungwa vioo navyo vina hatari ile ile. Uchunguzi uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2005 ulionyesha kwamba joto ndani ya gari lililoegeshwa juani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 hivi za Selsiasi katika saa moja, na kwamba sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokea katika dakika 30 za mwanzo. Kufungua vioo kidogo hakukusaidia sana. Msafiri wa Dodoma anayeteremka Morogoro kula chakula cha mchana, huku paka amebaki garini, na ayatafakari hayo.

Wako wanaotaka kumtuliza paka kwa vidonge vya binadamu. Hilo ni kosa la kuua. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja parasetamoli, na kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kuiharibu damu yake isiweze kuchukua oksijeni, hata akafa. Dawa yoyote ya safari itoke kwa daktari wa mifugo. Ili paka asitapike, apewe chakula kidogo saa chache kabla ya kuondoka, na maji kila kituo. Tenga lifungwe kwa mkanda wa kiti au likae sakafuni nyuma ya kiti cha mbele. Paka aachwaye huru garini aweza kujipenyeza chini ya miguu ya dereva, na hapo hatari huwa ya abiria wote.

Tena liko suala la afya ya umma. Kichaa cha mbwa, licha ya jina lake, humpata paka pia, na mtu akisha kuonyesha dalili zake ni nadra mno kupona. Virusi vyake huweza kuvuka wilaya na bahari ndani ya mnyama tunayemsafirisha sisi wenyewe. Kwa hiyo paka achanjwe akiwa ametimiza miezi mitatu, na chanjo ya kwanza itangulie safari kwa siku zisizopungua 21 ili kinga ipate kujengeka. Cheti chake kichukuliwe, na ofisi ya mifugo iulizwe mapema kuhusu kibali, hasa kwa anayevuka mpaka au kwenda Visiwani. Abiria akiumwa au kuparurwa na paka, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kuchelewa.

Huenda msomaji akasema kwamba katika nchi ambamo watu wenyewe husafiri kwa kubanana, kumfikiria paka ni anasa. Siafiki. Paka huyo ndiye aliyelinda mahindi yetu na panya mwaka mzima. Akitelekezwa, huzurura jalalani bila chanjo, na hasara huwarudia watoto wa jirani. Bei ya tenga si kitu mbele ya hasara hiyo.

Mkishafika, paka afungiwe katika chumba kimoja pamoja na nguo yake ile kuukuu, kisha azuiliwe ndani ya nyumba kwa wiki mbili au tatu kabla ya kuruhusiwa kutoka. Katika muda huo ataisugulia milango mipya shavu lake. Ndipo itakapodhihirika kwamba paka ni wa nyumba kweli, lakini nyumba yaweza kuhama pamoja naye.