Mficha Uchi Hazai

Baba akiumwa jino huja hospitali mchana. Akipungukiwa na nguvu za kiume, huenda gizani kwa muuza dawa. Baba mmoja alikunywa dawa za chupa zisizo na jina kwa miezi mingi. Tulipompima, kumbe ni kisukari, na kidonda cha mguu kilikwisha kuanza kuoza. Ndipo nasema aibu hii inatuumiza.

Korodani hutengeneza homoni iitwayo testosteroni. Ikipungua mno, baba hukosa hamu ya tendo la ndoa, huchoka, misuli hulegea, na huweza kujaa huzuni. Mama, usikimbilie kudhani ana mwingine.

Lakini dalili hizo peke yake hazitoshi. Kisukari, unene, pombe na mawazo mengi huweza kuleta hali kama hiyo. Kwa hiyo sukari na shinikizo la damu vipimwe pia. Homoni yenyewe hupimwa asubuhi, inapokuwa juu, na kipimo hurudiwa siku nyingine kabla ya kutoa jibu.

Mnene akipunguza uzito, homoni huweza kupanda bila dawa. Sindano ya testosteroni ni kwa yule tu aliyethibitishwa na daktari. Tena hupunguza mbegu za kiume, pengine zikaisha kabisa. Anayetafuta mtoto aseme mapema.

Akina baba, njooni mchana, tena pamoja na mama. Wahenga walisema kweli: mficha uchi hazai.