Nyumba za kale za pwani: kwa nini sheria peke yake haitoshi

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jengo la Beit al Ajaib katika Mji Mkongwe wa Zanzibar iliporomoka na kuua watu wawili. Jengo hilo la mwaka 1883 linajulikana duniani, na wakati huo lilikuwa katika ukarabati. Mji wenyewe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000.

Kama jengo lenye sifa kama hiyo liliweza kuanguka, itakuwaje nyumba ya mawe aliyoiacha babu Pangani, Mikindani au Kilwa Kivinje?

Sheria inalinda nini?

Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kwa sheria hiyo, jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 linalindwa moja kwa moja. Lililojengwa baada ya hapo linahitaji kutangazwa na Waziri.

Hapo ndipo penye tatizo. Nyumba nyingi za kale zinazokaliwa katika miji midogo ya pwani ni za mwishoni mwa karne ya 19 au mwanzoni mwa karne ya 20. Sheria hiyohiyo inalinda milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Kwa hiyo mlango unaweza kuwa na ulinzi, na nyumba iliyoubeba isiwe nao.

Nini kinaziangusha?

Mara nyingi tatizo huanzia kwenye mirathi. Nyumba moja ina warithi wengi: mmoja yuko kijijini, mwingine Dar es Salaam, mwingine Muscat. Kila mmoja anamsubiri mwenzake. Paa linavuja, maji yanaingia ukutani, boriti zinaoza.

Sababu nyingine ni saruji. Kuta hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa huruhusu unyevu kutoka. Ukipiga plasta ya saruji juu yake, unyevu unafungiwa ndani na ukuta unaliwa polepole, huku nje ukionekana mpya.

Jumuiya inaweza kufanya nini?

Zanzibar ina mamlaka ya serikali ya kuhifadhi Mji Mkongwe, lakini wakazi waliona haja ya kuwa pia na jumuiya yao ya urithi. Afisa wa serikali huhamishwa, jirani hubaki. Jirani ndiye anayeuona ufa ukiwa bado mdogo, na ndiye anayewajua warithi wote kwa majina.

Wanakijiji wanaweza kuanza na watu kumi na simu zao. Pigeni picha kila nyumba ya kale, andikeni nani aliijenga na nani anaimiliki. Rekodini sauti za wazee wakieleza habari zake. Waiteni warithi wakubaliane kwa maandishi nani atasimamia matengenezo. Mtafuteni fundi anayejua chokaa, na vijana wajifunze kwake. Kisha muoneni afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri kuhusu usajili, na afisa utamaduni kuhusu ombi la kutaka nyumba itangazwe.

Mipaka yake

Jumuiya haiwezi kumlazimisha mwenye nyumba. Wala si haki kuiambia familia maskini iendelee kulala chini ya paa linalovuja kwa sababu ya historia. Ndiyo maana mazungumzo yaanze na wanaoishi humo: wanahitaji nini, na ni kipi kinaweza kutengenezwa kwanza kwa fedha kidogo.

Kwa kawaida, kazi ya kwanza ni paa. Kuziba panapovuja kabla ya masika kunagharimu kidogo kuliko kuinua ukuta uliokwisha kuanguka. Tena ukuta wenyewe unaweza kujengwa upya, lakini mzee anayejua historia yake akiondoka bila kurekodiwa, hakuna fundi wa kumrudisha.