Meli iliyozama ziwani nayo ni mtaji

Huenda unajiuliza meli iliyozama inatafuta nini katika kurasa za kilimo na biashara. Inatafuta hesabu. Meli ya kale iliyolala chini ya ziwa ni mali, na kila mali huulizwa inaingiza nini kwa mwaka na inakula nini.

Alvin Clark ilikuwa merikebu ya matanga ya kubeba mizigo, iliyozama mwaka 1864 katika Green Bay, ghuba ya Ziwa Michigan nchini Marekani. Mwaka 1969 wazamiaji waliiopoa ikiwa karibu nzima, baada ya miaka 105. Ziwa halina yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao, ambaye wenye majahazi wa pwani yetu wanamjua sana. Baridi nayo huchelewesha kuoza. Ikawekwa katika mji wa Menominee, watu wakalipa kiingilio kuitazama. Lakini mbao zilizokaa majini karne nzima zikitolewa juani hukauka, hupasuka na kuoza, isipokuwa zitiwe dawa kwa miaka mingi. Kiingilio hakikutosha gharama hizo. Mwaka 1994 ilibomolewa. Mfugaji atanielewa: walichinja ng'ombe wa maziwa, na nyama ikawaozea.

Mji wa Alpena, ulio kando ya Ziwa Huron, ulifuata njia nyingine. Mbele yake, katika ghuba ya Thunder Bay na maji ya jirani, zimelala meli nyingi zilizokuwa zikisafirisha nafaka, mbao na makaa ya mawe. Mwaka 2000 eneo hilo likatangazwa hifadhi. Unaruhusiwa kuzamia na kupiga picha, na uvuvi unaendelea; kuchukua hata kipande cha meli ni marufuku. Asiyejua kuzamia hupanda mashua yenye kioo sakafuni akazitazama humo humo. Wageni hao hula, hulala na kununua mjini.

Hapa naomba maofisa wetu wasome mara mbili. Mwaka 1997 wananchi wengi wa Alpena walipiga kura ya maoni kuikataa hifadhi hiyo. Hawakuwa wajinga. Mvuvi akisikia neno hifadhi, kinachomjia kichwani ni kufukuzwa. Walipoona nyavu zao haziguswi na biashara inapata wateja, mambo yakageuka, na mwaka 2014 hifadhi ilipanuliwa kutoka maili za mraba 448 hadi 4,300.

Kuacha majini nako si bure. Kome wadogo wavamizi, waliofika maziwa yale kwa maji ya meli za kigeni, wamezifunika meli nyingi. Sisi tuliopambana na magugu maji Ziwa Victoria tunajua adha ya mgeni wa namna hiyo.

Je, kuopoa ni kosa siku zote? Hapana. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, baada ya kuipaka mitambo yake grisi. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikabeba abiria, dagaa na mazao kwa miongo mingi. Hesabu ilikubali kwa sababu ilikuwa ya chuma na ilikuwa na mizigo ya kubeba.

Ipo pia meli ambayo siitii katika hesabu hii: MV Bukoba, iliyozama Mei 21, 1996 na mamia ya ndugu zetu. Lile ni kaburi.

Kwa hiyo, kabla ya kibali cha kuopoa au kukata meli yoyote ya kale katika maziwa yetu, wavuvi, mama lishe na wenye mitumbwi wa kijiji husika waitwe kikaoni. Anayetaka kuiopoa aonyeshe kwa maandishi nani atalipia matengenezo ya mwaka wa kumi. Na kama itaachwa pale pale kwa ajili ya wageni, sehemu ya ada iingie moja kwa moja katika mfuko wa kijiji, si kusubiri mgawo kutoka juu.