Mbio Zako Tunazitaka, Wewe Hatukutaki



Ndugu yangu katika imani, leo twende New York. Upande wa kusini wa bustani ya Central Park kuna jengo refu la klabu ya michezo inayoitwa New York Athletic Club. Ilianzishwa mwaka 1868. Wana bwawa la kuogelea, kumbi za mieleka na ngumi, vyumba vya kulala wageni na sehemu ya kula. Wanachama wake wameleta medali nyingi za Olimpiki. Na huingii kwa pesa peke yake: lazima aliyemo ndani akupendekeze, kisha wakuangalie kama unafaa kukaa nao.

Michezo yenyewe haina ubaya, tuelewane hapo. Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) alishindana mbio na Bibi Aisha (radhiyallahu anha). Alipanga mbio za farasi Madina, na Ibn Umar alikuwa miongoni mwa walioshindana. Anayekwambia dini haitaki mazoezi, mwambie akasome sira.

Tatizo liko mlangoni. Kwa miaka mingi klabu hii ilijulikana kwa kutopokea watu weusi wala Mayahudi kuwa wanachama. Lakini kila mwaka iliandaa mashindano makubwa ya riadha, na wanariadha weusi walikuwa wakikimbia humo! Hebu tafakari. Kijana mweusi akimbie, tiketi ziuzwe, watu wasimame wampigie makofi, avishwe medali. Kisha klabu hiyohiyo iliyonufaika na miguu yake isimkubali akae nao meza moja.

Mwaka 1968 klabu ilikuwa inatimiza miaka 100. Mwezi wa Februari mashindano yakapangwa Madison Square Garden. Mwalimu mmoja wa chuo, Mmarekani mweusi, Harry Edwards, akaongoza mgomo. Wanariadha weusi wengi wakakataa kukimbia. Timu ya Umoja wa Kisovieti nayo ikajitoa. Waandamanaji wakajaa nje ya ukumbi. Na ujue, harakati hiyohiyo ilikuwa ikidai ndugu yetu Muhammad Ali arudishiwe ubingwa aliovuliwa mwaka 1967 alipokataa kuingia jeshini. Miezi minane baadaye, kule Mexico, Tommie Smith na John Carlos wakanyanyua ngumi zao jukwaani. Ile picha wengi mnaijua. Mgomo wa klabu ulioitangulia hamuujui.

Wanawake nao walisubiri. Mwaka 1984 jiji la New York lilitunga sheria: klabu yenye wanachama zaidi ya 400, inayotoa chakula mara kwa mara na kupokea pesa za wasio wanachama kwa ajili ya biashara, isijifiche nyuma ya neno "binafsi". Maana huko mezani ndiko mikataba ilikokuwa ikifungwa. Klabu zikaenda mahakamani. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote kwa kauli moja, ikaiacha sheria isimame. Mwaka uliofuata klabu yetu hii ikaanza kupokea wanawake.

Sasa usiniambie, "Sheikh, hata sisi tunataka saa za akina dada peke yao bwawani." Hiyo ni sitara. Dada anafungiwa mlango ili aogelee kwa amani, na mwanamke yeyote anaingia, awe wa ukoo wowote. Wale walifunga mlango ili aliye ndani ajione bora kuliko aliye nje, na hicho Mtume ametufundisha jina lake: kiburi ni kuikataa haki na kudharau watu.

Wala hawakuanza wao. Wakubwa wa Kiquraysh walimtaka Mtume awaondoe akina Bilal, Suhayb, Ammar na Khabbab ndipo wao wakae wamsikilize. Wallahi, walichokuwa wanaomba ni klabu! Zikashuka aya za kumkataza. Fungua Suratul An'am aya ya 52 na Suratul Kahf aya ya 28, usome na tafsiri yake.

Lakini New York ni mbali, na kuwalaani watu wa mbali ni rahisi. Nataka nikuulize wewe. Yule ustadh anayemfundisha mwanao Qur'ani, unayempigia simu usiku akusomee mgonjwa, unayemsifu msikiti mzima ukisikia: akija kesho kumposa binti yako, utamjibu nini? Nimesikia majibu. "Mzuri, ila ukoo wake hatuujui." "Babu yake alikuwa mtu wa shamba kwetu." Sauti yake tunaitaka kwenye maulidi, elimu yake tunaitaka kwa watoto, yeye mwenyewe abaki barazani.

Najua utaniletea maneno ya mafakihi kuhusu kufuu. Nayajua, na wamekhitalifiana. Ila wengi wanaoyataja hawakuyafungua kitabuni, wamemsikia shangazi.

Fatima binti Qays alikuwa mwanamke wa Kiquraysh. Alipoachwa na eda yake kwisha, akaposwa na Muawiya na Abu Jahm, akaja kumtaka ushauri Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam). Akamwambia aolewe na Usama bin Zayd, mtoto wa mtu aliyewahi kuwa mtumwa. Mwanzo hakumpenda. Mtume akamrudia: Usama. Akakubali. Na ni yeye mwenyewe aliyesimulia, imo katika Sahih Muslim, kwamba Allah alitia kheri katika ndoa ile mpaka wanawake wakamwonea wivu.

Wallahu a'lam.