Leseni ipime udereva, si makaratasi

Hadi mwishoni mwa mwaka 2023, majimbo 19 ya Marekani, pamoja na mji mkuu Washington, yalikuwa yamekubali kumpa mhamiaji leseni ya udereva hata kama hana makaratasi ya ukaazi wala namba ya hifadhi ya jamii, ile ambayo ndugu zetu walioko huko huiita soshali. Majimbo mengine yalibaki na msimamo kwamba asiye na ukaazi halali asisogee dirishani. Msimamo huo unatetewa kwa jina la usalama, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoutetea. Kazi ya leseni ni kuthibitisha kwamba mtu anaona vizuri, anazijua alama za barabarani na anaweza kuliendesha gari bila kumuua mwenzake. Namba ya soshali haithibitishi hata kimoja kati ya hivyo.

Tuangalie namba hiyo ilikotoka. Ilianza kutolewa mwaka 1936 ili serikali itunze kumbukumbu za mishahara na kukokotoa pensheni. Kuanzia mwaka 1946 hadi 1972 kadi zake zilichapwa maneno ya kuonya kwamba si kitambulisho. Mwaka 1996 Bunge la Marekani, katika sheria ya kurekebisha misaada ya ustawi wa jamii, liliyataka majimbo yarekodi namba hiyo kwa kila anayeomba leseni, shabaha ikiwa kuwasaka wazazi wanaokwepa matunzo ya watoto. Ni sababu ya maana, lakini haihusiani na breki wala taa. Msomaji wa Tanzania hatashangaa sana, kwa kuwa hapa nasi leseni hutolewa na mamlaka ya mapato, TRA, na mwombaji sharti awe na namba ya mlipakodi, TIN. Tofauti ni kwamba soshali hupewa raia na wageni wenye kibali cha kufanya kazi, hivyo hata mwanafunzi kutoka Nairobi au Dodoma aliyeingia na viza halali, lakini hajaajiriwa, hawezi kuipata. Huyo hutakiwa kwanza aende ofisi ya hifadhi ya jamii akachukue barua ya kuthibitisha kwamba hastahili kupewa namba, kisha arudi nayo kwenye ofisi ya leseni. Akikutana na karani asiyeijua barua hiyo, atazungushwa.

Ushahidi mzito umetoka California, ambako sheria ya kuwapa leseni wasio na makaratasi ilianza kutumika Januari 2015 na watu wapatao 605,000 wakazipata katika mwaka wa kwanza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo yao mwaka 2017: ajali hazikuongezeka, na matukio ya dereva kugonga na kukimbia yalipungua kwa asilimia kati ya 7 na 10. Sababu haihitaji profesa. Asiye na leseni akigonga anaona mbele yake gari kukamatwa, mashtaka, pengine na kurudishwa kwao, kwa hiyo anakanyaga mafuta. Mwenye leseni anasimama na kutoa karatasi za bima. Lakini tusitie chumvi: ajali zenyewe hazikupungua, na wanaoahidi kwamba leseni hizi zitafanya barabara ziwe salama kupindukia wanaahidi zaidi ya ushahidi walionao.

Wapinzani husema huku ni kumzawadia mvunja sheria. Ningekubali kama kumnyima leseni kungemwondoa barabarani. Hakumwondoi. Sehemu kubwa ya Marekani haina basi la kumfikisha mtu kiwandani saa kumi na moja alfajiri, na mwenye kodi ya nyumba ya kulipa ataendesha tu, awe amefanya mtihani au hajafanya. Wengine wanahofia kwamba wageni watapenya kwenye daftari la wapiga kura, kwa kuwa huko ofisi za leseni huandikisha pia wapiga kura. Ni kweli kwamba mwaka 2018 California ilikiri kuwaandikisha kimakosa watu wapatao 1,500, wakiwemo wasio raia. Ila idara ya leseni yenyewe ilieleza kwamba hakuna aliyekuwa mhamiaji asiye na makaratasi. Kosa lilikuwa la ofisi, na dawa yake ni kurekebisha ofisi.

Pingamizi linalonitia wasiwasi ni la wahamiaji wenyewe: anayeomba leseni anaikabidhi serikali picha na anwani yake. Sheria ya New York ya mwaka 2019 inakataza maofisa wa uhamiaji kupewa taarifa hizo bila amri ya jaji, na Februari 2025 serikali ya shirikisho ililishtaki jimbo hilo kwa ajili ya sheria hiyo. Jimbo linalotoa leseni bila kinga ya aina hiyo linawatega watu.

Mwenye ndugu huko amwambie mambo matatu. Aulize sheria ya jimbo analoishi, na ya lile analopita pia, kwani Florida tangu mwaka 2023 inazikataa baadhi ya leseni za aina hii. Kama yuko kihalali lakini hana soshali, aibebe ile barua. Na akiulizwa kwenye fomu kama anataka kuandikishwa kupiga kura, ajibu hapana, kwa maana asiye raia akijiandikisha anaweza kufukuzwa nchini.